Mgombea Asiye na Kivuli

Kazi yangu ni piko. Naliweka hili mbele mapema, maana Malindi ina midomo, na wapo watakaokuambia kwamba Shekha binti Athman alitaka ukubwa akaumbuka. Waongo hao. Kilichotokea nitakisimulia mwenyewe tangu mwanzo, kisha utaamua nani aliyeumbuka.

Tangu nina miaka kumi na minne nawapaka maharusi wino huo mweusi mikononi na miguuni, kuanzia mtaa wetu huu wa Shela mpaka Mambrui. Mkono wangu hautetemeki. Naanza ua kwenye ncha ya kidole, na kabla bibi harusi hajamaliza kulalamika kwamba miguu imemfa ganzi, nimeshafika kwenye kiwiko. Lakini paka piko miaka ishirini, utaitwa nani? Shekha wa piko. Kaka yangu anauza misumari, anaitwa Bwana. Baba yangu amewasomesha Kurani watoto wa mtaa huu tangu mimi sijazaliwa, na hata wazee waliomzidi umri wanamwita Maalim. Akipita njiani watoto wanaacha mchezo, wanasimama, wanamwamkia. Nikipita mimi wanaendelea na gololi zao. Jambo hili lilinikera, sikufichi. Nilitaka mtu aniite Mwalimu, hata mmoja, hata mara moja.

Basi mwaka wa 1985 masomo yakabadilishwa nchi nzima, ikaja 8-4-4, na ndani yake somo la sanaa na ufundi lenye mtihani wake. Lo, kizaazaa! Mwalimu wa hesabu aliambiwa afundishe kusuka ukili, na ukili alikuwa hajawahi kuushika, ila kuukalia tu kwenye mkeka. Watoto wakatumwa nyumbani walete udongo, gundi, makuti na vifuu, akina mama wakadhani shule inajengwa upya. Shule yetu ya msingi ilipata bahati. Ililetewa Mwalimu Jedida, mwanamke kutoka Kitui, aliyesomea kuchora hasa. Alichokuwa hakukisomea ni Kiswahili; chake kilikuwa cha kubomoa nyumba. Lakini moyo wake ulikuwa safi, na macho yake, Mungu ampe umri, yalikuwa makali.

Alikuja kwangu kupakwa piko kwa ajili ya arusi ya mwalimu mwenzake. Nilipomaliza akaugeuza mkono huku na huku.

"Dada Shekha, mstari yako ni safi sana," akasema. "Lakini hii maua yote imelala. Hakuna hata moja imesimama."

"Maua ya piko hayasimami, Mwalimu. Yasimame yaende wapi?"

"Kuja Jumamosi nikuonyeshe."

Nilikwenda na hasira zangu, nikitaka ajue kwamba mtu wa Malindi hafundishwi kushika kijiti na mtu wa Kitui. Akanipa kalamu ya nibu, kichupa cha wino mweusi na karatasi ngumu. Akaweka yai juu ya meza, akaniambia nilichore. Nikalichora. Kisha, kwa kuwa nafasi tupu hunitia wasiwasi, nikalijaza maua na majani kutoka ncha hii mpaka ncha ile.

"Hii yai inaolewa?" akaniuliza.

Akanipa karatasi nyingine, akanikataza maua. Nikachora yai tupu, mstari mmoja wa kuzunguka, laini, usiokatika popote.

"Hii ni nini?"

"Yai."

"Hapana. Hii ni sifuri."

Kidogo nivae buibui langu niondoke. Lakini alikuwa ameshaichukua kalamu. Akaanza kuweka mistari midogo upande wa chini wa ile sifuri, sambamba kama meno ya kitana. Akaweka mingine ikaikata ile ya kwanza, kisha mingine tena, na kadiri alivyoshuka ndivyo alivyozidi kuibana. Upande wa dirishani hakuugusa kabisa. Mwisho akatia weusi kidogo juu ya meza, pale yai lilipokaa. Wallahi, lile yai lilinyanyuka kwenye karatasi. Nilinyoosha mkono nilizuie lisibingirike, na Mwalimu Jedida akacheka mpaka akavua miwani.

"Mstari inasema kitu iko wapi," alinieleza. "Kivuli inasema iko kweli."

Nikawa mwanafunzi wake tangu siku ile, kila Jumamosi baada ya alasiri, miaka miwili na zaidi. Alinifundisha kwamba kila kitu kina ngozi yake, na kila ngozi inataka mkono wake. Kumbi la nazi linataka mistari mirefu ya haraka haraka. Ukuta wa mawe unataka vitone na vishimo, na hapo usiwe na pupa. Shavu la mzee linataka mistari myembamba inayofuata mviringo wa shavu, si inayolipita juu kwa juu. Niliharibu karatasi nyingi, nikalia mara mbili, na mara moja nilimwaga wino kwenye leso yangu mpya. Nilikuwa nikipita njiani nawakodolea watu macho kwenye mashavu na kusahau kuwaamkia, mpaka ikasemwa mtaani kwamba Shekha ameota mapembe.

Shida ilikuwa kwa Baba. Mayai, nazi, kuta, hayo hakujali. Lakini siku moja akaikuta picha ya paka wetu, niliyemchora manyoya yake unywele kwa unywele.

"Shekha."

"Labeka, Baba."

"Huyu nani?"

"Paka wetu, Baba."

"Ana roho?"

"Wa kwenye karatasi hana."

"Na Siku ya Kiyama ukiambiwa umtie roho, utaitoa wapi?"

 Baba si mtu wa kugomba, ni mtu wa kuuliza, na maswali yake yanauma kuliko fimbo. Akachukua kalamu yangu, akapiga mstari mmoja shingoni mwa yule paka, kutoka upande hadi upande.

"Kiumbe ukishamkata shingo hana uhai, wala hakudai kitu. Chora utakavyo, mwanangu, lakini shingo ukate."

Jumamosi nikampelekea Mwalimu Jedida paka aliyechinjwa. Aliguna, akakuna kichwa, kisha akaniuliza kidevu cha mtu kinaangusha kivuli wapi.

"Shingoni," nikamjibu.

"Basi weka mstari ya Mzee hapo hapo, halafu funika na kivuli. Yeye apate mstari yake, mimi nipate kivuli yangu."

Nikafanya hivyo kwa kila kiumbe niliyemchora. Baba alikuwa akivaa miwani, anautafuta mstari wake ndani ya ule weusi, na akishauona anairudisha miwani mfukoni. Hatukugombana tena.

Mwanzoni mwa 1988 Mwalimu Jedida akahamishwa, arudi kwao Ukambani. Kabla ya kuondoka alikwenda kwa mwalimu mkuu, akamwambia kwamba mtu wa kushika nafasi yake yuko hapo hapo mtaani, hana haja ya kuletwa kutoka mbali. Mwalimu mkuu alifurahi mno, maana mtihani ulikuwa unakuja na yule wa hesabu alikuwa ameshaapa kwamba ukili hatoushika tena. Kamati ya shule iliweza kuajiri mwalimu wa muda hata kama hana cheti. Ilitakiwa sahihi ya mwenyekiti tu. Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Zein Jaafar, mwenye duka la saruji na mabati. Zein ni mtu mweusi tititi, ana mashavu ya shibe, videvu viwili na makovu ya ndui, na hapo hapana ubaya, Mungu ndiye aliyemuumba. Ubaya ni kwamba mwenyewe hana habari. Kwa maneno yake, babu yake alishuka Malindi kutoka Arabuni, mweupe kama tui. Kwa maneno ya marehemu nyanya yangu, aliyemwona kwa macho, babu huyo alishuka Malindi kutoka Marafa, hapa hapa bara, na mihogo kichwani.

Na mwaka ule Zein aligombea udiwani. Utakumbuka kwamba mwaka ule katika mchujo wa chama hakukuwa na kura ya siri. Ilikuwa mlolongo, na aliyepata zaidi ya sabini kwa mia amepita moja kwa moja, hakuna uchaguzi mwingine. Picha ya mgombea inainuliwa uwanjani, na amtakaye anasimama nyuma yake mchana kweupe, mkwewe anamwona, tajiri yake anamwona, na mgombea mwenyewe anamwona. Zein akaniita dukani kwake.

"Shikamoo, Bwana Zein."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wataka kuwa mwalimu."

"Nikipewa, nitashukuru."

"Utapewa! Kwa nini usipewe? Lakini nami nataka nione hiyo kalamu yako. Nichore picha kubwa, ya kuinuliwa siku ya mlolongo. Studio wamenipiga mara tatu, na mara zote tatu mashine yao mbovu."

Ubovu wa mashine ile niliujua. Ilikuwa ikisema kweli. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi cha mvunguni nilikitaka kwa roho yangu yote. Nikainama.

Nilimchora kwa siku nne. Alikaa kwenye kiti katikati ya mifuko ya saruji, amevaa kanzu, amejipulizia manukato kama anakwenda kuoa, tumbo amelivuta ndani mpaka jasho linamtoka. Mwanga ulikuwa ukitoka mlangoni. Nikaufuata. Nikaweka mistari ya kukatana chini ya mashavu, vitone vya taratibu kwenye makovu, weusi mzito chini ya videvu vyote viwili, na ndani ya weusi ule nikaupiga mstari wa Baba. Sijawahi kuchora picha nzuri kama ile, wala sitachora. Mtu alikuwa amekaa pale kwenye karatasi, mzito, mjanja, anayejipenda, unamsikia anavyopumua. Ningalikuwa na akili ningaliitia chini ya buibui nikimbie nayo.

Mkewe, Bi Harusi kwa jina, ndiye aliyeiona kwanza. Alileta kahawa, akapiga kelele: "Uuu! Ni wewe mwenyewe, baba watoto! Ni wewe hasa!"

Hapo ndipo ilipoharibika kazi. Zein akainuka, akaitazama picha, na uso ukamshuka.

"Huu weusi wote wa nini?"

"Ni kivuli, Bwana Zein. Mwanga unatoka mlangoni, kwa hiyo upande wa pili…"

"Mimi sina upande wa pili. Na hivi vitone?"

"Ngozi."

"Ngozi ya nani?"

 Bi Harusi akachukua vikombe vyake akaondoka, na kahawa haijanywewa.

"Utoe weusi," akasema Zein. "Wote, usiache hata chembe. Nataka mistari mitupu, safi, kama ile unayowapaka maharusi. Mimi watu wananijua, ni mtu wa nuru."

"Bwana Zein, mistari mitupu haionekani kwa mbali. Uwanjani pana jua kali na karatasi ni nyeupe. Mtu akiwa hatua ishirini…"

"Shekha. Nani mwenyekiti hapa?"

Nikachukua karatasi mpya. Nikachora mviringo wa uso, mstari mmoja mwembamba. Nikachora macho, pua, mdomo, masikio mawili yaliyolingana kuliko alivyoyalinganisha Mola. Kidevu nikampa kimoja. Makovu yakapona. Ilikuwa picha ya bibi harusi mwenye ndevu. Mstari wa Baba ukabaki peke yake shingoni, uchi, hauna kivuli cha kujifichia, na kuuacha siwezi, maana kwa Baba nilikuwa nimeahidi.

"Na huu wa shingoni ni nini?" akauliza Zein.

Uongo ulinitoka kabla sijaufikiri. "Kola ya kanzu."

"Ahaa! Basi uunenepeshe. Watu waone kwamba kanzu hii si ya kushonwa hapa."

Nikaunenepesha mpaka ukawa na upana wa kidole gumba. Nilijua ninachokifanya. Miaka miwili na nusu nilikuwa nimefundishwa nini kinaonekana na nini hakionekani, na mkono wangu, kama nilivyokwambia, hautetemeki. Zein akaishika picha mbele ya uso wake, akatabasamu kama anajitazama kwenye kioo.

"Kazi utaipata," akasema. "Lakini siku ya mlolongo nitaangalia umesimama wapi."

Siku yenyewe uwanja wa mpira wa shule ulijaa tangu asubuhi. Mpinzani wake alikuwa Stambuli Badi, mpishi mstaafu wa hoteli moja kule Bofa, mtu aliyewachimbia watu kisima asijiandike jina juu yake. Picha yake ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa na studio mpaka chembe zimeonekana, jicho moja kalifumba kwa jua, nusu ya uso kivuli kitupu. Mbaya ajabu! Lakini hata aliyekuwa nje ya uwanja, kule kwa muuza maji ya madafu, alijua kwamba yule ni Stambuli.

Upande wa pili shemeji yake Zein akaiinua picha yangu juu ya mti mrefu. Jua likaipiga. Uso ukatoweka, macho yakatoweka, na ndevu pia. Ikabaki karatasi nyeupe pe, na katikati yake mstari mmoja mweusi, mnene.

"Zein yuko wapi?" watu wakaulizana.

"Nyuma ya karatasi ile."

"Ile si picha, ni notisi."

"Notisi imeandikwa nini?"

"Haijaandikwa. Wanangoja wajue bei ya saruji."

Shangazi yake Zein, Bi Nana, alikuwa ameletwa kwa kushikwa mkono. Akasogezwa karibu, akakodoa macho, hatua kumi, hatua tano, na alipouona uso wa mpwa wake na mstari ule mnene chini yake, akarudi nyuma.

"Auzubillahi! Mbona mmemchinja?"

"Ni kola, Shangazi."

"Kola! Mimi nimeshuhudia mbuzi wa Idi wangapi? Sisimami nyuma ya mtu aliyechinjwa." Akageuka, akajikongoja mpaka kwa Stambuli, na nusu ya ukoo wao ikamfuata.

Mlolongo wa Stambuli ulitoka kwenye goli, ukapita madarasani, ukaizunguka shule mpaka vyooni. Wa Zein ulikuwa na watu ishirini na sita. Nawajua wote: mke wake, wapagazi wa dukani, shemeji, mabinamu waliomtegemea, na mimi. Ndiyo, nami nilikuwamo. Usinitazame hivyo. Zein alikuwa amesimama kivulini pembeni na daftari, anatuandika majina. Nikatazama upande wa pili nikamwona Baba katika ule mlolongo mrefu, mkono umeegemea fimbo. Naye akaniona. Hakukunja uso. Alinitazama vile anavyotazama picha zangu, anapoutafuta mstari wake.

Msimamizi alikuwa mgeni, amevaa suti ya sufu katika joto lile la Malindi. Alitembea ubavuni mwa watu wa Stambuli mpaka nusu, akasema inatosha. Akaja kwetu, akatuhesabu ishirini na sita, akaandika, akanong'ona na Zein kidogo, kisha akapanda juu ya kiti na kipaza sauti.

"Stambuli Badi, mia mbili na kumi. Zein Jaafar, mia saba thelathini na tano. Mshindi ni Zein Jaafar."

Sisi ishirini na sita tukageuka nyuma kuangalia hao wenzetu wengine wamejificha wapi. Mtu mmoja akacheka. Uwanja mzima ukacheka, kicheko cha kweli, mpaka Bi Nana akakaa chini. Kisha askari wakahamisha virungu vyao kutoka kwapani wakavishika mkononi, na tukaacha kucheka.

Usidhani Zein aliona haya. Kesho yake alinipokea dukani kwa mikono miwili. "Umeona, mwanangu? Umeona nguvu ya picha? Watu mia saba! Na wewe ulitaka kunitia weusi." Na nadhani aliamini, ndilo linalonishangaza mpaka leo. Picha ilikuwa imeshatundikwa ukutani juu ya mizani. Akaitia sahihi barua yangu. Akaniambia siku ya kwanza atakuja mwenyewe na kamati nzima kushuhudia, na kwamba watoto niwafundishe mtindo huu wetu, mistari safi, bila weusi, maana kwa mtindo huu ndipo watu wanapopata maendeleo.

 Siku ya nne baada ya mlolongo, nilipokuwa nikichukua buibui langu niende shuleni, Baba akaniita barazani.

"Leo utaitwa Mwalimu."

"Inshallah, Baba."

"Ndilo ulilolitaka."

"Ndilo, Baba."

"Na wale waliosimama mpaka vyooni, wataitwa nani?"

Swali hilo nililibeba tangu barazani mpaka langoni mwa shule.  Nikamlaani Zein, nikamlaani yule wa suti, na nilipofika mlangoni mwa darasa nikaona kwamba mtu ninayemkasirikia kuliko wote amevaa buibui langu.

Darasa la sita lilikuwa na watoto arobaini na wawili. Wakasimama wote kwa pamoja, madawati yakalia.

"Shikamoo, Mwalimu!"

 Nimeungoja mwito ule miaka mingapi! Nyuma ya darasa walikaa wanakamati sita, na Bwana Diwani mbele yao, mguu juu ya mguu, kofia mpya. Mwalimu mkuu amesimama pembeni anajifuta jasho. Nikajua kwamba nikitaka, nitausikia mwito huu kila siku mpaka nizeeke. Niwafundishe tu maua ya arusi, na nisimguse mtu.

Nikabandika karatasi kubwa ubaoni. Nikatoa yai mkobani, nikaliweka mezani upande wa dirisha, nikachovya kalamu. Nikachora mstari mmoja wa kuzunguka, laini, usiokatika popote.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Sifuri, Mwalimu!" wakajibu wote.

"Safi sana," akasema Bwana Diwani kule nyuma, akawageukia wenzake. "Mnaona? Mistari mitupu. Mtindo wetu wenyewe."

Msichana mmoja wa dawati la mbele, Chiku jina lake, akainua kidole. "Mwalimu, inafanana na ile picha ya Bwana Diwani."

 Mwalimu mkuu akafumba macho. Nami nikachovya kalamu mara ya pili.

Nikaanza upande wa chini, mistari midogo, sambamba. Nikaikata kwa mingine. Nikaibana. Nilisikia kiti kikisogezwa nyuma, sikugeuka. Nikafuata mviringo, nikauacha upande wa dirishani mweupe, nikaweka weusi wa mwisho mezani, mzito, pale yai lilipokaa. Kabla sijauondoa mkono, wa nyuma wakasimama juu ya madawati ili waone.

"Yai! Mwalimu, ni yai! Litaanguka!"

"Nilisema bila weusi!" Bwana Diwani alikuwa amesimama.

"Bila weusi, Bwana Diwani," nikamwambia, "umewasikia watoto mwenyewe."

Alinitazama, akaitazama karatasi, akawatazama watoto arobaini na wawili ambao wote walikuwa wanamtazama yeye.  Kisha akatoka, na wanakamati sita nyuma yake, mmoja mmoja, mlolongo mfupi. Mwalimu mkuu akawafuata mbio.

Kipindi kilikuwa cha dakika thelathini na tano, na nilikimaliza chote. Nilipita kila dawati. Nikawafundisha mwanga unatoka wapi, na kwamba ukitaka kitu kisimame lazima ukubali kina upande ambao jua haliufikii. Kengele ilipolia mwalimu mkuu alikuwa ananingoja nje, macho kwenye viatu vyake. Akasema kamati imefikiria upya. Nikamwambia najua, nikampa Chiku lile yai apeleke kwao.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu ya ualimu, mwanzo mpaka mwisho. Nikarudi kwenye piko, na kwenye piko nipo mpaka leo.

Kesho yake baada ya alasiri nilikuwa nikitoka kumpaka bibi harusi, kijiti na bakuli mkononi. Mbele ya nyumba yetu watoto walikuwa wakicheza gololi, wale wale. Chiku akaniona. Akainuka, akajipangusa vumbi, na wenzake wakainuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

 Barazani Baba alikuwa akisomesha, wanafunzi wake wamejaa mpaka mlangoni, hapana pa kupita. Akaivua miwani yake, akaitia mfukoni.

"Nyinyi," akawaambia. "Mpisheni Mwalimu."

Wakasogea, nikapita.